Sauti Niliyoiacha Kwenye Kigoda

Nikipita kijiweni pale Kabuku, bodaboda mmoja huanza, "Baba Sema Maji," na wenzake humalizia kwa pamoja, "Vizuri sana," nami nawapungia mkono kama mgombea udiwani, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Mimi nauza sufuria minadani, na binti yangu Mwanahawa alifika miaka minne bila kutamka neno. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka. Tukampata Dada Rukia, mtaalamu wa kuwafundisha watoto kuzungumza, akawa anatoka Korogwe kila Jumamosi kuja kukaa naye nyumbani. Anakaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, anasema, "Sema maji," halafu anamtazama mtoto usoni na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto akitoa sauti yoyote kabla ya kumi, hata "ma" tu, anasifiwa papo hapo, "Vizuri sana," na kikombe anapewa. Kumi ikifika kimya, hakuna sifa, anasaidiwa kutamka na wanaanza upya. (Nilikuwa nahesabu pamoja naye, kisha narudia. Hakosei hata moja.)

Sasa mimi bila kupunguziwa bei naumwa, na Dada Rukia alilipwa kwa kila siku aliyokuja. Nikambembeleza aje Jumamosi moja, aruke moja, siku za katikati nitamfundisha mwenyewe.

"Kaka, utakaa naye kweli?"

"Nitakaa, dada."

Sikukaa. Nilichofanya ni kuficha kile kipaza sauti changu cha mnadani, kinachorekodi na kurudia, chini ya kanga, nikainasa sauti yake: "Sema maji," kimya cha kumi, "Vizuri sana." Wiki mbili kikawa juu ya kigoda kinamfundisha mtoto, mimi niko uani napanga sufuria. Kwamba mashine inasifu hata asipojibu, hilo sikulihesabu hata mara moja.

Siku ya mnada wa Mazingara nikakichukua mapema, nikaondoka. Nikiwa bado barabarani nasubiri gari nikakumbuka mifuniko, nikarudi. Saa sita mchana, jua limesimama, hata kuku wamejibana ukutani, na mke wangu alishaniambia asubuhi kwamba anakwenda na mtoto shamba Kwedizinga, kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu. Nikashika kitasa, nikamsikia Dada Rukia ndani.

"Sema maji."

Nikakipapasa kitufe cha kipaza sauti mkononi mwangu mara mbili. Kimezimwa. Kule ndani kimya kikaenda, nane, tisa, kumi.

"Vizuri sana."

Sauti yake hasa, pamoja na ule mkwaruzo wa spika mwishoni. Nikampigia simu. Akapokea, kelele za stendi ya Korogwe nyuma yake, "Kaka, kuna tatizo?" na ndani ya nyumba yangu yeye huyo huyo akasema, "Sema maji."

Mtu mwenye akili angechungulia dirishani. Mimi nilikimbia barabarani, nikawasha kipaza sauti, nikatangaza, "Jamani, kwangu kuna sauti haina mwenyewe," wakaja bodaboda, wauza machungwa na Mwalimu Shabani wa madrasa, tukajaa uani. Mwalimu akaanza dua. Ndani, "Sema maji." Nilipojaribu kukizima, kidole kikagusa kitufe cha kurudia, na sauti ile ile ikanguruma mkononi mwangu: "Sema maji." Nilihesabu kwa sababu sijui kufanya kingine, na kwenye kumi sauti zote mbili, ya ndani na ya mkononi, zikasema pamoja, "Vizuri sana."

Walipomaliza kukimbia nilihesabu ndala zilizobaki uani. Kumi na saba. Mwalimu alikimbia na yake moja.

Mke wangu akatokea nyuma ya nyumba, mapovu mpaka viwikoni.

"Baba Mwanahawa, unatangaza nini?"

"Hamkwenda shamba?"

"Kwa jua hili? Nafua. Mwanao yuko ndani anacheza."

Tukaingia. Mwanahawa amekaa chini mbele ya kigoda kitupu, kikombe amekishika kwa mikono miwili. "Sema maji," alikiambia kigoda, kwa sauti ya mwanamke mzima. Hakugeuka. Akangoja kumi, akakisifu. Neno lake la kwanza nililisubiri miaka minne, na likaja hivyo, kwa sauti ya mtu mwingine, kwa mtu asiyekuwepo.

Dada Rukia alikuja kesho yake bila kuitwa. Nilimweleza yote; hakunifokea, ingekuwa nafuu. "Sauti anayo," alisema. "Anachokosa ni mtu wa kumjibu."

Tangu hapo sauti ya mtu sirekodi, na kila asubuhi kabla ya mnada nakaa kwenye kigoda kile mwenyewe, namtazama usoni. Juzi, kwenye saba, alisema "maji" kwa sauti yake, nyembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole. Nilimpa kikombe nikageukia ukuta kidogo.

Ila kuna jambo mke wangu halijui, maana yeye hahesabu. Siku ile tuliposimama mlangoni, Mwanahawa alirudia mara moja zaidi. "Sema maji," akakitazama kigoda kitupu, akatabasamu, akakisogezea kikombe, "Vizuri sana." Nilihesabu moyoni, usiku nikahesabu tena. Alingoja sita tu, kama aliyejibiwa.

Nikiinuka pale siku hizi, kigoda nakilaza ubavu.