Baraka ya Bibi Effie

Lachlan Purdie alikuwa na mdomo. Hilo hata wasiompenda walimkubalia. Katika barabara ile inayoteremka kutoka ngome ya Edinburgh, ambako kila ukigeuka unakutana na mwanamume mwenye kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, na hadithi yake, yeye ndiye aliyeweza kusimamisha watalii kwenye mvua inayopiga ubavuni, wakalowa chapachapa, na bado wakataka aendelee. Ndevu nyekundu amezichana, kilti imenyooshwa, sauti inatoka tumboni. Lakini kilichomtofautisha na wenzake si hadithi za wachawi waliochomwa moto wala za malkia aliyekatwa kichwa. Hizo kila mtu anazo. Kilichowamaliza watu ni baraka.

Aliitoa mwisho wa matembezi, ndani ya makaburi ya kanisa. Alivua kofia na kusema, "Hii ni lugha ya mababu zangu wa visiwani. Bibi yangu Effie alinitamkia maneno haya kila asubuhi mlangoni." Kisha anamwekea kila mmoja mkono begani na kumnong'oneza polepole, utadhani padri: "Mach a seo. Mach a seo." Watu walilia, jamani. Mama mmoja wa Kijerumani, aliyefiwa na mumewe, alimshika mkono akakataa kuuachia.

Wala Lachlan hakuwa anadanganya, si moja kwa moja. Bibi Effie alikuwa kweli mtu wa kisiwa cha Harris, na kweli alimwambia hivyo kila asubuhi akimfunga skafu na kumsukuma aende shule. Ila hakumfundisha zaidi. Yeye mwenyewe utotoni alichapwa viboko shuleni kwa kusema Kigaeli, akaapa kwamba lugha ile haitampiga mjukuu wake. Basi Lachlan akabaki na baraka yake, na "ndiyo", na "asante", akayavaa maneno hayo kama alivyovaa kilti. Mtalii akimwuliza kama anasema Kigaeli, anajibu bila kupepesa macho, "Tangu tumboni mwa mama."

Alipopata mtoto, Morven, alimpeleka kwenye shule inayofundisha kwa Kigaeli. Nia ilikuwa njema. Alitaka binti yake apate kile alichonyimwa yeye. Mtoto naye akaidaka lugha kama mchezo, jioni anaingia na kumwaga Kigaeli nyumba nzima, na baba anaitikia kwa kichwa, "Tha, tha," yaani ndiyo, ndiyo, "ila leo baba amechoka, mama, tuseme Kiingereza." Leo amechoka, kesho amechoka. Hata punda ana siku ya kupumzika akapona uchovu, Lachlan haponi. Baraka yenyewe hakuwahi kumtamkia. Sauti ile ya kazini aliionea haya mezani pake.

Siku moja Mwalimu Peigi akamkamata kwenye lango la shule. Mwalimu huyu alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Lewis, mwembamba, mpole, na Kigaeli ndicho alichoanza nacho kulia.

"Baba Morven, darasa linaomba uwatembeze mjini. Morven anatuambia hakuna aujuaye mji huu kama wewe. Tena eti una baraka ya visiwani. Mimi nimezaliwa huko na sijawahi kuisikia, nina hamu nayo kweli."

Morven alikuwa ameushika mkono wa baba yake, anatazama juu. Wenzake wote walikuwa hapo wanasikiliza. Ungekuwa wewe ungekataa? Lachlan akakubali, na njia nzima ya kurudi akajifariji kwamba baraka, angalau, anaijua sawasawa.

Siku ikafika, na manyunyu yake. Archie, mpiga zumari ya mfuko ambaye kona ya kanisa kuu ni kama ameirithi, aliwaona wanakuja akaitoa zumari mdomoni.

"Leo ndiyo leo, bwana Purdie. Umewaleta wenye lugha yao?"

"Wewe piga zumari yako, Archie."

"Nikupigie ipi? Ya harusi au ya msiba?"

Watoto walikuwa wameshalifikia umbo la moyo lililopangwa kwa mawe barabarani, wanalitemea mate kwa zamu ili wapate bahati, kama atemavyo kila aliyezaliwa mji huu, huku watalii wakiwatolea macho. Mwalimu Peigi akatumia nafasi hiyo kumsogelea Lachlan na kumsemesha kwa Kigaeli. Lachlan akanyoosha kidole. "Hebu tazameni juu kule!" Wakatazama. Juu kulikuwa na shakwe anakula mkate wa mtu. Safari nzima ikawa hivyo: mwalimu akifungua mdomo, Lachlan anaona jambo juu ya paa. Morven alitembea nyuma kabisa.

Wakaingia makaburini. Lachlan akavua kofia, akaikusanya sauti yake yote, akainua mkono juu ya vichwa vile vilivyolowa.

"Mach a seo," akasema. "Mach a seo."

Watoto wakatazamana. Halafu kijana mmoja wa kamasi akajitwika begi lake, akaelekea getini. Wa pili akamfuata. Kisha darasa zima, wawili wawili, kwa adabu zote, likampa mgongo na kuondoka. Lachlan akabaki mkono hewani.

"Wanakwenda wapi?"

"Umewaambia watoke," alisema Mwalimu Peigi. Alijaribu kuzuia mdomo wake usicheke. "Hayo ndiyo maneno ninayowatolea nje kila saa ya mapumziko. Umewaambia, tokeni hapa."

Lachlan akaushusha mkono polepole. Kumbe Bibi Effie alikuwa anamfukuza tu asichelewe shule! Na yule mama wa Kijerumani, na machozi yake yote, ameambiwa na mtu mzima, kwa sauti ya ibada, atoke hapa. Wangapi wengine? Alitamani moja ya makaburi yale lifunguke limpokee.

Mwalimu akamwuliza jambo kwa Kigaeli, taratibu, maneno machache. Lachlan hakuambulia hata moja. Watoto walikuwa wamegeuka getini, wanatazama, na yule wa kamasi akasema kwa sauti, "Mbona hajibu?"

Hapo Morven akajitokeza, kidevu juu. Akasema Kigaeli kirefu, chepesi, akimwonyesha baba yake kwa mkono, na darasa zima likaangua kicheko, kicheko cha kufurahi. Mwalimu akamwuliza kitu. Morven akajibu. Mwalimu akamgeukia Lachlan.

"Morven anasema wewe ni mtani sana. Eti hata nyumbani huwafukuza hivi hivi na kuiita baraka. Ni kweli?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Neno moja lingetosha. Lachlan akawatazama wale watoto wanaomcheka kwa upendo, akamtazama binti yake.

"Kweli," akasema. "Utani tu."

Baadaye baba na mwana walikaa kwenye benchi na mfuko wa chipsi, chumvi na sosi kama kawaida, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Ulijua lini?" Lachlan akauliza.

"Zamani. Nilikuuliza unataka chai au kahawa, ukajibu ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi." Morven akachagua chipsi moja, akairudisha. "Ila baraka nilidhani ni ya kweli."

Aibu ya makaburini ilikuwa cha mtoto mbele ya hii. Miaka yote alidhani yeye ndiye anayemficha mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa anamficha yeye.

"Na mwalimu alikuuliza nini pale?"

"Kama nasema kweli. Nikaapa."

"Uliapa?"

"Nimeapa kwa jina la Bibi Effie. Sikupata jingine la haraka."

Lachlan akaweka mfuko chini. "Kesho tunakwenda wote shuleni. Nitamwambia mwalimu mwenyewe, mbele ya darasa, kwamba sijui Kigaeli na sijawahi kukijua. Basi, yaishe."

Alitegemea mtoto atamrukia shingoni. Morven alimgeukia macho yamejaa maji.

"Usiende, Baba."

"Mwanangu, lazima nikaseme ukweli."

"Ukisema, wewe utakuwa hujui lugha tu. Mwongo nitakuwa mimi."

Lachlan Purdie, mwenye mdomo wake, akautafuta mdomo ule asiuone. Watalii walikuwa wanapita, mmoja akamtambua kwa kilti, akasimama na kumwuliza kwa heshima kama yeye ndiye yule bwana wa baraka.

Morven akajipangusa macho kwa mkono wa sweta. "Ndiye," akasema.