Maji Safi ya Jumapili

Nilikuwa kwenye maduka ya Adams Arcade nikinunua mkate, nikaguswa bega na mama mmoja niliyemfahamu kwa sura, mwimbaji wa kanisa la yule mchungaji wa bondeni. "Hukusikia? Pasta alituacha. Tulishamsafirisha, amezikwa kwao magharibi." Nikabaki nimeshika mkate wangu kama mjinga. Hakuwa ndugu yangu, wala sikuwa muumini wake. Tulijuana kwa kuwa nilipanga nyumba karibu na mtaa wa Mountain View, juu ya bonde lile, kwa miaka kadhaa. Lakini nimehuzunika, na wasomaji wangu wa kila wiki wataniwia radhi nikiyaacha mambo ya Bunge leo nimzungumzie yeye.

Alikuja Nairobi Uhuru ukiwa bado mbichi, akawakuta wenzake wa magharibi wamejaa bondeni, hawana kazi wala kanisa. Kanisa akawajengea, la mabati, kando ya mto. Kazi akaiombea. Watu walimcheka alipofunga na kusali ili kiwanda kije, nacho kikaja kweli, kiwanda cha kutia vitambaa rangi, mtoni hapo, juu kidogo ya kanisa. Waumini wake wengi waliandikwa, naye akapewa kazi ya kuangalia matangi. Siku zile mzazi mwenye kijana kiwandani alitembea kifua mbele. Tuliambiana kwamba nchi changa haiwezi kukaa milele ikiuza kahawa na kununua mashati, na mimi mwenyewe niliandika hivyo katika safu hii.

Sasa, dhehebu lao hubatiza kwa kuzamisha, tena katika maji yanayotembea, si ya birika. Jumapili moja nilisimama ukingoni nikiwatazama. Waliingia na kanzu nyeupe pepepe, wakatoka wana buluu mwili mzima, wakijikuna. Bibi mmoja akajitazama, akauliza mbele ya umati, "Pasta, hii ni ubatizo ama tumepakwa rangi?" Watu wakaangua kicheko, ila mchungaji hakucheka.

Kesho yake alikwenda kwa meneja akiogopa, maana neno moja baya lingeweza kumwaga unga wa watu wengi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba mitambo ya kusafisha maji hutoka ng'ambo, pesa za kigeni hakuna, na mafuta yamepanda bei. "Nikifunga kiwanda, watu yako watakula nini?" Kisha akatoa shauri: mfereji wa maji machafu uzibwe Jumamosi, ili Jumapili mto uwe safi. Mchungaji alishukuru. Alishukuru tena kanisani, meneja akiwa mgeni wa heshima, akazawadiwa jogoo.

Ng'ambo ya kanisa, mto ukishuka kuelekea mjini, aliishi mama mmoja aliyelima mboga na nduma. Hakuwa wa kanisa lile wala wa kabila lile. Alimvizia mchungaji njiani. "Pasta, nasikia mmepewa maji ya Jumapili. Na watoto yangu je? Wao wanakunywa kila siku. Tena Jumatatu ndiyo mbaya kabisa, wanafungulia ile yote walifungia."

Haya alinisimulia mchungaji mwenyewe mjini, tumekaa kwenye nyasi za bustani wakati wa chakula cha mchana. "Mimi niliomba maji ya kutosha watu yangu tu," alisema. "Huyo mama sikumfikiria hata kidogo." Alirudi kwa meneja, akajibiwa kwa upole, "Si tulipatana, Pasta? Hata jogoo nilikula." Na kila aliyepanda kiwandani kutoka chini kulalamika aliambiwa kwamba mchungaji mwenyewe ameridhika. Ndipo akatangaza kanisani kwamba hataingia tena katika maji ambayo jirani hawezi kuyanywa. Alipoteza kazi ya matangi. Nusu ya waumini, wakihofia mkate wao, walihamia kwa mhubiri mwingine aliyeendelea kubatiza palepale kila Jumapili. Siwalaumu, mwenye njaa hana miiko. Mama wa nduma alihama na watoto wake, mmoja akiwa mgonjwa, na mchungaji alimtafuta mpaka mtaa wa Kangemi asimpate. Inaniuma kwamba alikufa bila kumwona.

Siku hizi katikati ya mji hakukosekani mkutano wa wakubwa kuhusu uchumi na mazingira ya nchi maskini. Nimehudhuria kadhaa. Wajumbe wetu huingia wakiogopa kama alivyoogopa yeye, hupewa kidogo, na hutoka wakishukuru kwenye vipaza sauti. Sisemi tukatae viwanda. Aliyewahi kulala njaa hasemi hivyo. Nasema tu kwamba shukrani yetu ni mali, na wakubwa wanajua kuitumia dhidi ya wengine. Kabla hatujaitoa, mmoja wetu ateremke kwanza kwa miguu hadi kwa yule anayeteka maji chini yetu, amwulize kama na yeye ameridhika.