Siku Waliyosahihisha Kukamatwa Kwangu

Nilisoma habari ya kukamatwa kwangu nikiwa nyumbani Lyamkena, hapa Makambako, nimejifunga msuli, sweta juu, andazi mkononi.

Sitanii.

"DEREVA WA LORI LA CHAI MBARONI KWA KUPUNJA WAKULIMA." Chini yake jina langu, la baba na la babu. Hawakubakiza hata herufi.

Mke wangu Rukaiya akasoma juu ya bega langu.

"Baba Issa, kumbe uko mahabusu?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi lete hilo andazi. Mahabusu hawali maandazi."

Tukacheka. Sikucheka tena wiki ile.

Ngoja niwaweke sawa kwanza.

Mimi ni dereva. Nilikuwa naendesha Fuso, nabeba majani mabichi ya chai kutoka vituo vya wakulima kule Lupembe napeleka kiwandani. Gari la tajiri mmoja wa Makambako, tumwite Damiano.

Kwenye kituo kimoja, kijiji sitakitaja, karani wa mizani alikuwa na mchezo wake. Mkulima akileta majani anakatwa kilo kadhaa. Karani anaziita "kilo za maji". Eti majani yameloa.

Sawa, mvua ikinyesha majani yanaloa. Lakini jamaa alikuwa anakata mchana kweupe, kiangazi, majani yana vumbi utadhani yameokotwa barabarani.

Halafu mzigo uleule ukifika kiwandani unapimwa mzito kuliko risiti za wakulima. Mimi ndiye nabeba, naona.

Nikavumilia mpaka nikachoka kuvumilia. Nikamtafuta Edson, mwandishi wa ukurasa mmoja wa habari wa mtandaoni pale Njombe mjini, nikammwagia yote. Nikampa sharti moja tu.

"Jina langu lisitoke, mdogo wangu. Nina familia."

"Kaka Halfan, jina kapuni. Hata mama yangu simwambii."

Karani akashikwa kweli. Habari ikatoka.

Na jina langu nalo likatoka kapuni, likaenda kukaa kwenye kiti cha mtuhumiwa.

Asubuhi ileile nikawasha gari kwenda Lupembe. Ningefanya nini? Majani ya chai hayasubiri mtu amalize kuhuzunika.

Nafika kituoni, wakulima wamekaa juu ya mifuko yao. Hakuna anayenyanyuka.

"Kamwene," nikasalimia.

Mama mmoja, Asteria, mkulima niliyembebea majani miaka na miaka, akaitikia kwa pembeni ya mdomo.

"Kamwene, mahabusu. Wamekupa ruhusa ya kuja kuchukua zilizobaki?"

Wakacheka wote. Kicheko kile kilinikata kuliko matusi.

"Mama Asteria, mimi sijakamatwa. Si unaniona?"

"Nakuona. Na gazeti la kwenye simu nimeliona. Mmoja wenu anadanganya, na gazeti sijawahi kulidai kilo."

Hawakupakia. Majani yakalala pale yanageuka rangi, mwishowe wakayamwaga. Kazi ya mikono ya watu, inamwagwa kwa sababu ya jina langu.

Nikiwa njiani narudi na gari tupu, tajiri akapiga. Nikajua leo nimekwisha.

"Halfan mwanangu, pole sana. Nimesoma. Usijali, yatapita. Hata wakikuita mwizi, wewe ni dereva wangu."

Machozi yalinilengalenga. Nikasema huyu ndiye binadamu.

Nikakunja kona, nikaenda moja kwa moja Njombe.

Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la pembejeo. Edson alikuwa amesimama dirishani kama mtoto aliyevunja sahani. Mhariri ni mwanamama anaitwa Consolata, koti kubwa, macho yamekosa usingizi.

"Kaka, kaa. Kosa ni letu. Polisi hawakutaja jina la mtuhumiwa, kwa hiyo habari ya Edson haikuwa na jina. Ila chini yake aliniandikia jina lako na kwamba ni dereva wa lori, ili mimi mhariri nijue nani katuambia. Ndiyo utaratibu wetu."

"Halafu?"

"Jana ilipowekwa nilikuwa safarini. Aliyekaa mezani pangu akaona mtuhumiwa hana jina, na chini kuna jina halina kazi. Akalipa kazi, na karani wa kwenye habari akageuka dereva."

Nilitaka kukasirika nikajikuta nimechoka tu.

"Na sasa?"

"Habari tumeshaifuta."

"Dada, mmefuta kwenu. Kwenye magrupu ya wasapu iko palepale, watu waliipiga picha. Mkifuta kimyakimya watasema nimewahonga."

Akafikiri. Akaandika, akanigeuzia kompyuta. *Taarifa yetu ya awali ilikuwa na dosari. Tunaomba radhi kwa usumbufu.*

"Dosari gani?" nikamuuliza. "Usumbufu wa nani? Hayo hata watu wa umeme huyaandika umeme ukikatika."

Edson akacheka, akakumbuka, akanyamaza.

Consolata akavuta kiti karibu.

"Sikiliza, kaka Halfan. Nikiandika ukweli wote, kwamba wewe ndiye uliyetupa taarifa, nimekuvua nguo sokoni. Nikiandika nusu, mwenye akili atajiuliza: kama hakukamatwa, jina lake lilifikaje mezani kwao? Nikikaa kimya, unabaki mwizi. Mimi sina njia ya nne. Chagua, maana jina ni lako."

Nikawaza majani yaliyomwagwa. Nikamwaza Rukaiya anayeuza maandazi, jinsi wateja wake watakavyokuwa wanahesabu chenji mara mbili.

"Andika sikukamatwa na situhumiwi. Kosa ni lenu. Basi. Mengine niachie."

Akaandika. Habari ikarudishwa, na juu kabisa, kabla ya kitu chochote, wakaweka:

*MAREKEBISHO: Awali habari hii ilimtaja Halfan kuwa ndiye anayeshikiliwa. Si kweli. Hajakamatwa na hatuhumiwi kwa lolote. Jina lake liliingizwa kimakosa na dawati letu. Tunamwomba radhi yeye na wasomaji.*

Edson akayatuma kwenye kila grupu alilokuwemo. Nikarudi Makambako nimenyoosha mabega.

Kesho yake mchana tajiri akapiga.

"Njoo na funguo."

Nikadhani kuna safari. Nikamkuta amekaa kwenye gari lake dogo, kioo kimeshuka nusu. Hakunikaribisha ndani.

"Nimesoma marekebisho. Hongera. Umesafishwa."

"Ahsante, tajiri."

"Sasa niambie. Waandishi wa habari huwa wanaota majina?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Lori zinazobeba majani Lupembe ziko ngapi? Madereva wako wangapi? Kwa nini lilitokea jina lako?"

Hapo ndipo taa iliniwakia. Mimi nilidhani karani alikuwa anakula peke yake. Lakini asiyekula angekasirikia nini? Kumbe zile kilo za maji zilikuwa zinaandikwa kwa lile jina la kwenye hati za mzigo, la mkulima nisiyewahi kumwona kituoni, na malipo yanashuka Makambako, mkononi mwa huyu aliyenipa pole.

Alinionea huruma nilipoonekana mwizi. Aliniona mwenzake.

"Weka funguo hapo kwenye kiti," akasema. "Na usinisalimie barabarani."

Nikaweka.

Nikiwa mwizi nilikuwa na kazi. Niliposafishwa nikaikosa. Ukiona nacheka ninapokusimulia hili, jua nimeshalia nikamaliza.

Kesho yake jioni simu ikaita. Mama Asteria.

"Halfan, yale maneno yenu nimesomewa mara mbili. Ya pili nikaelewa na yasiyoandikwa."

"Umeelewa nini, mama?"

"Kwamba leo tumepimwa, na maji hayakukatwa. Yule dereva mpya hana hata salamu. Wewe ulikuwa na mdomo, lakini ulikuwa mtu. Nisamehe kwa juzi."

"Uliyamwaga majani yako mwenyewe, mama, na hasara ni yako. Nikusamehe nini zaidi?"

Akacheka, akakata.

Ndugu msomaji, uongo juu yangu ulisomwa na kila mwenye simu. Masahihisho waliyasoma wachache, na kati yao mmoja alinifukuza na mmoja alinielewa. Usitegemee uwiano. Wakikuandika vibaya, dai wasahihishe, waseme kosa ni lipi na la nani, na masahihisho wayaweke juu, mahali ambapo kosa lilikaa. Ila kabla hujapanda ngazi za ofisi yao, jiulize kama uko tayari kwa ukweli wenyewe, maana ukweli ukirudi hauchagui wa kumgusa.

Mimi sasa nabeba viazi kwa guta la kukodi hapa Makambako. Mgongo unauma, tajiri akipita ananirushia vumbi.

Lakini nikiingia sokoni, hakuna mtu anayevuta mzigo wake karibu.