Tangazo Mlangoni kwa Vaileth

Vaileth Akyoo alianza kuosha vyombo akiwa na miaka ishirini na mbili, katika hoteli moja ya watalii huko Momela, na aliondoka pale akiwa msimamizi wa ukumbi wa chakula. Katikati ilipita miaka kumi na tisa. Hoteli ilimfundisha mengi, ila lililomkaa zaidi ni utulivu wa mezani. Wageni walikula wakitazama nje, vijiko vikigusa sahani taratibu, na mhudumu aliyeangusha kikombe aliikumbuka siku hiyo mwaka mzima. Vaileth aliupenda utulivu ule. Yeye alikulia kijijini Maji ya Chai, katika nyumba yenye watoto tisa, na asiyepaza sauti kule alibaki na sahani tupu.

Korona ilipoifunga hoteli, alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Akapanga nyumba ya vyumba vitatu kando ya barabara kuu, akaomba ruhusa ya kubomoa ukuta mmoja, akapata ukumbi wa meza tisa. Kila meza ilikuwa na kitambaa cheupe na kikombe chenye maua. Alipika mtori, ile supu nzito ya ndizi za kupondwa, ndizi nyama, na loshoro ya mahindi na maziwa mgando kama alivyoipika mama yake. Wateja wakamzoea: madereva wa watalii, watumishi kutoka Usa River, walimu wa vyuo vya Tengeru. Walisema ni mahali pekee kwenye barabara ile ambapo mtu anaweza kula huku akisikia anachofikiri.

Watu wote walimwita Dada Vai. Wanawake wa rika lake waliitwa mama fulani, yeye alibaki dada. Aliwahi kuolewa na Meshack kwa miaka tisa. Mimba tatu zikaharibika, kisha Meshack akahamia Kikwe kwa mwanamke mwingine. Vaileth hakuwa akilizungumza jambo hilo, na wahudumu wake walijua kutouliza.

Jumapili mgahawa ulibadilika. Ibada ya pili ikiisha, familia ziliingia kwa pamoja, zikaunganisha meza mbili mbili. Watoto walikaa dakika tano, baada ya hapo walikuwa chini ya meza, nyuma ya viti, dirishani, chumvi ikimiminwa juu ya vitambaa. Siku moja Vaileth alimwomba mama mmoja amtulize mwanawe. Akajibiwa kwamba mtoto ametoka kukaa kanisani saa tatu nzima, naye aachwe apumue.

Mwezi wa kumi na moja ndipo mambo yalipoharibika. Nashipae, mhudumu aliyekuwa naye mwaka wa tatu, alitoka jikoni na sinia lenye mabakuli manne ya mtori. Mlango wa jikoni ulikuwa unafungukia ukumbini moja kwa moja, bila kizuizi chochote. Mvulana wa miaka kama mitano alikuja mbio akifukuzwa na mwenzake, akajipenyeza miguuni pake. Nashipae akaliinua sinia ili lisimwangukie. Mtoto akapona. Mtori ukamshukia yeye shingoni, begani, na mkono wote wa kushoto.

Mtori wa moto hautiririki kama maji. Unang'ang'ania ngozi. Nashipae alikaa sakafuni, akasema neno moja tu, "Maji." Vaileth alimmwagia maji ya bomba jagi baada ya jagi, mpaka mteja mmoja akaleta gari la kumpeleka zahanati. Wakati huo baba wa yule mvulana alikuwa amemwinua mwanawe, akimkagua kichwa hadi viatu. Alipohakikisha hana hata doa, alisema, "Huyu dada naye angeangalia anakopita."

Vaileth alikuwa amepiga magoti, jagi mkononi. Alimsikia vizuri. Akamimina jagi jingine.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Godbless, kijana anayeandika mabango jirani na stendi, akampa karatasi yenye maneno. Godbless akasoma kwa sauti: "Watoto wa chini ya miaka minane hatuwapokei. Samahani." Akamtazama. "Dada Vai, hili umelilalia ukalifikiria?"

"Nimelifikiria. Andika."

"Na hii samahani niiweke?"

"Iweke. Iwe ndogo."

Bango lilipotundikwa, siku za kazi zilikuwa shwari kuliko mwanzo. Dereva mmoja wa watalii alilisoma, akacheka, akaagiza loshoro. "Mimi nina wanne nyumbani," alisema, "kwa hiyo najua ninachosema. Mtu anahitaji mahali pa kutulia." Jumapili, hata hivyo, nusu ya meza zilikaa tupu. Familia zilifika, zikasoma, zikageuza magari. Siku moja kikongwe kutoka Kikwe aliyeletwa na wanawe baada ya kipaimara aliomba angalau kiti na glasi ya maji akae nje na vitukuu wake. Vaileth alimpelekea mwenyewe. Yule bibi akanywa, akamshukuru, akamuuliza chakula cha humo ndani kina nini ambacho watoto hawatakiwi kukiona. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Vaileth akaichukua glasi, akarudi nayo ndani.

Mtu akalipiga picha bango, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Magreth, mdogo wake Vaileth, ndiye aliyemletea simu. Walioandika walikuwa wengi. Mmoja alisema wazazi wa siku hizi wamewaachia simu kazi ya kulea, acha wafundishwe. Mwingine aliuliza kama na wachanga wanahesabiwa. Kisha mwanamke aliyeimba sauti ya pili pamoja na Vaileth kwenye kwaya ya kanisa, wakisimama mstari mmoja, alikuwa ameandika: "Msimlaumu. Hajawahi kuitwa mama." Watu kumi na wawili walikuwa wameweka kidole gumba.

"Mjibu," Magreth alisema.

"Nimjibu nini?"

"Mwambie yaliyompata Nashipae."

"Nashipae si ngao yangu."

Akamrudishia simu, akaendelea kumenya ndizi. Lakini wiki ile hakwenda mazoezi ya kwaya, wala wiki iliyofuata. Na kama kuna siku alikaribia kulishusha lile bango, baada ya hapo hakukaribia tena. Aliona kulishusha sasa ni kukubali kwamba yule mwanamke amesema kweli.

Nashipae alirudi kazini baada ya wiki tano, amevaa blauzi ya mikono mirefu. Shingoni kovu lilionekana. Alifanya kazi kama zamani, ila kila alipofika kwenye mlango wa jikoni alisimama kwanza, akachungulia, ndipo akapita.

Siku moja ya mwezi wa kwanza, saa tano asubuhi, Vaileth aliingia stoo kuchukua sukari. Nyuma ya magunia ya mahindi, juu ya khanga iliyokunjwa, alikuwa amekaa mtoto wa kike wa miaka kama minne. Pembeni yake palikuwa na sahani ya plastiki na kipande cha kiazi. Mtoto alimtazama Vaileth, akaweka kidole mdomoni, kama vile Vaileth ndiye aliyepaswa kunyamazishwa.

"Unaitwa nani wewe?"

Kidole kilibaki mdomoni.

Vaileth aliinama ili amwinue, ndipo mkono wake ulipogusa ile khanga na kukuta imelowa. Si sasa hivi, ilikuwa imeshapoa. Mtoto alijikojolea na akaendelea kukaa.

Akamwita Nashipae. Alipofika na kuona stoo iko wazi, alisimama pale pale.

"Huyu ni nani?" Vaileth aliuliza.

"Ni Naserian, dada. Wangu. Bibi anayenishikia mtoto amekwenda msibani Monduli. Ni leo na kesho tu. Nilimwambia akitoa sauti nitafukuzwa kazi."

"Nani alikwambia nitakufukuza?"

"Si lile tangazo, dada."

"Lile ni la wateja."

"Sikujua linaishia wapi."

Vaileth alikuwa bado amemshika mtoto mkono. Alisema, na hata masikioni mwake mwenyewe ilisikika kama anajitetea, "Nililiweka kwa ajili yako."

"Najua, dada. Nashukuru. Ila mimi sikuunguzwa na mtoto."

"Uliunguzwa na nani?"

"Na mlango. Nilikwambia mwezi wa nne, huu mlango utatuletea balaa. Mwezi wa nane nilipogongana na mpishi, sahani zikavunjika, nikakwambia tena. Ukasema tutauangalia. Hata angekuwa mtu mzima amekatiza pale, ningeungua vilevile."

"Na yule baba?"

"Yule baba alikuwa kwenye simu. Kama ni bango, yeye ndiye wa kuandikiwa."

Ilikuwa kweli, na Vaileth alijua ni kweli kabla Nashipae hajamaliza kusema. Alikumbuka mara zote mbili. Alikumbuka hata sababu yake: fundi alimwambia kuuhamisha mlango kutamlazimu afunge mgahawa siku tatu, naye hakutaka kufunga. Baadaye, ajali ilipotokea, alimkasirikia mtoto, akamkasirikia baba mtu, na hasira hiyo ikawa kubwa kiasi kwamba mlango hakuuona tena.

"Kamwogeshe mtoto," alisema. "Kuna maji ya moto jikoni. Na umpe uji, si hicho kiazi."

Walipoondoka alibaki stoo kwa muda na kopo la sukari mkononi, mpaka mpishi akaja kumuuliza kama sukari imekwisha.

Wiki iliyofuata alifunga kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Fundi aliuziba mlango wa zamani, akaacha dirisha la kupitishia chakula, chini yake akajenga meza ya saruji ya kimo cha kiuno. Mlango mpya wa jikoni ulitobolewa upande wa uani. Huko nyuma, palipokuwa na mibuni mizee mitatu na takataka za mwenye nyumba, Vaileth na wahudumu walisafisha, wakaweka mabenchi. Godbless alipoletewa maneno mapya hakuuliza kitu. Aliandika: "Mtoto akiinuka mezani, mzazi ainuke naye."

Naserian naye aliendelea kuja siku ambazo bibi hakupatikana. Mwanzoni alikaa uani bila kutoa hata chafya. Ilichukua wiki nyingi kabla hajaanza kuimba, na alipoanza hakuishia hapo, aliimba kwa Kimaasai wimbo mmoja huo huo asubuhi nzima. Vaileth alimwambia wazi kwamba unamchosha. Mtoto akaimba kwa sauti ya chini kama dakika kumi, kisha akaupandisha tena.

Familia zikarudi moja moja. Sheria mpya ilikuwa ngumu kuisimamia kuliko ile ya kwanza, kwa sababu bango la kwanza lilifanya kazi lenyewe mlangoni, na hili lilimtaka Vaileth aende mezani, amtazame mtu usoni. Wengi walicheka wakainuka. Wachache walinuna. Kisha akaja Mzee Ebenezer.

Huyu alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mkuu mstaafu. Alikuja Jumapili moja na mkewe, mkwe wake Susana, na wajukuu watatu. Mjukuu wa kati alipanda juu ya kiti akaanza kupiga sahani kwa kijiko, akashuka, akakimbia mzunguko mmoja wa ukumbi, akarudi kwenye sahani. Mezani hakuna aliyegeuza shingo. Vaileth alifuta mikono, akaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba mmoja wenu ainuke na mtoto. Uani kuna nafasi."

"Nani ainuke?"

"Yeyote, mwalimu. Hata wewe."

Mzee Ebenezer aliweka uma chini. "Vaileth, mimi nilikufundisha darasa la nne."

"Ndiyo, mwalimu. Na hukutuacha tukimbie darasani."

Mtu mmoja alikohoa ndani ya kikombe chake. Mzee alifuta mdomo, akasimama, na familia nzima ikasimama nyuma yake. Alilipia kila kitu na chakula wakakiacha mezani. Kuanzia siku hiyo kanisani aliupokea mkono wa Vaileth bila kusema neno, na kwa miezi miwili hakuonekana mgahawani mtu yeyote wa nyumba ile. Vaileth alijiuliza kama angeweza kulisema lile jambo kwa namna nyingine. Alijaribu namna kadhaa kichwani. Zote zilifika palepale.

Jumamosi moja Susana alikuja peke yake na watoto wote watatu. Alichagua meza iliyo karibu na mlango wa uani. "Baba hajui nimekuja," alisema kabla hajaulizwa. "Watoto walikuwa wananisumbua na habari za ndizi zako."

Mtoto wa kati aliinuka chakula kilipofika tu, na Susana akainuka naye. Akamrudisha, akakaa, akaweka kijiko cha kwanza mdomoni, mtoto akaondoka tena. Hivyo hivyo, mara saba, wakati wale wengine wawili wakila kwa raha zao. Mara ya nane Vaileth alimwekea mkono begani.

"Kaa ule. Mtori unapoa."

Akamshika yule mvulana kiganja, akatoka naye uani. Mtoto aliuliza kuku waliokuwa wakichakura pale ni wa nani. Akauliza kwa nini mmoja hana mkia. Vaileth alimwambia hajui, hakuwahi hata kugundua kwamba hana, na wote wawili wakasogea kumtazama vizuri. Nyuma yao, ukumbini, mtoto wa meza nyingine alianza kulia kwa nguvu. Mwanamume mmoja alinyanyuka na kikombe chake cha chai, akatoka nacho mpaka kando ya barabara, akamalizia kunywa huko akiwa amesimama.