Udongo Uliopikwa Mara Mbili

Wifi yangu Felistas alikuwa akipika udongo. Usicheke, hapa Kisaka amejulikana kwa hilo. Miaka sita iliyopita kinyaushi kililaza miche yake yote ya milimau ndani ya siku tatu, shina baada ya shina limeoza pale linapogusana na ardhi, naye akaapa ugonjwa ule hautaingia tena kitaluni mwake. Tangu hapo akawa anajaza udongo kwenye nusu pipa, anauwashia kuni mpaka unafuka moshi, ndipo anautia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Kinyaushi hakikurudi, na miche yake michache ilipochelewa kukua tulisema milimau ndivyo ilivyo.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kilimpa kazi ya kuotesha milimau mia nne, tuipande masika yakianza. Felistas akatuamuru sote, hata kwenye vitalu vyetu vya nyumbani, tupike udongo. Boke peke yake alikataa, akasema kuni zake ni za ugali. Felistas alimfukuza kikundini mbele yetu, akimwita mchafu, na mimi nikanyamaza. Naona aibu kuliandika hilo.

Kufika mwezi wa kumi na mbili miche ilikuwa na urefu wa kidole, majani yamefifia na kuwa rangi ya shaba. Haikufa wala haikukua. Wifi yangu akaamua udongo haukuiva sawasawa. Akapika mwingine mara mbili, akahamishia miche humo. Samadi nayo akaipika.

"Ongeza na chumvi basi," nilimwambia. Hakucheka.

Ndipo alipokuja Everlyne, binti wa kaka yake, anayesomea kilimo ng'ambo ya mpaka, Migori. Aling'oa mche mmoja kitaluni, akaenda kuomba mwingine kwa Boke, mkubwa mara nne ya ule, akaondoka nayo yote miwili. Wiki mbili baadaye alirudi na picha kwenye simu, za mizizi aliyoitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Mzizi wa Boke ulijaa nyuzi za buluu. Wetu ulikuwa mtupu.

"Hizo nyuzi ni kuvu, aunty," alisema. "Mti unatengeneza sukari kwa jua na hewa, halafu unaigawia kuvu kule mizizini. Kuvu nayo inapita mbali, mahali mzizi haufiki, inauletea mti fosforasi. Mlimau hauwezi kuipata ya kutosha peke yake. Sasa wewe ulichoma kinyaushi, ukachoma na kuvu."

Felistas aliketi juu ya gunia. "Yaani mche wangu ulikuwa na sukari mkononi," alisema polepole, "na hakuna wa kuipokea?"

"Hakuna. Uliwamaliza wote."

Nilikuwepo Felistas alipomzika kaka yangu, mumewe, na hata siku ile sikumwona na uso kama ule. Mimi mwenyewe nilipigwa na butwaa. Miaka sita tunamsifu mtu kwa usafi, kumbe anaua.

Everlyne alisema dawa ni kutia kwenye kila kiriba konzi ya udongo kutoka chini ya milimau yenye afya, pamoja na vijizizi vyake. Milimau ya namna hiyo ilikuwa kwa Boke tu. Felistas alikwenda mchana kweupe, na mimi nyuma yake na ndoo.

"Shikamoo, mama," Boke alisema.

"Marahaba. Nimekuja kuomba udongo wako."

Boke aliitazama ndoo. "Huu uchafu?"

"Huo huo. Mimi ndiye niliyekosea."

"Chukua. Lakini kikundini ukaseme mwenyewe, na mimi nikiwa nimekaa pale."

Jumamosi Felistas alisema yote bila kujitetea, hata habari ya samadi. Wanawake wengine walishika midomo. Masika yalipoanza, miche mia mbili na sitini ilikuwa imerudisha kijani, iliyobaki tukaitupa. Kitalu alimkabidhi Boke. Felistas bado huenda kumwagilia kila asubuhi, na kabla hajagusa udongo, humwuliza Boke kwanza.