Mheshimiwa Anajifunza Kurudisha

Mbwa alinitapikia viatu kabla hatujatoka Jeddah. Bosi alikuwa amenituma nikamchukue kwa rafiki yake mwenye yadi ya matairi makuukuu kule Al-Hindawiyah, na nilimkuta amefungwa mnyororo mfupi kiasi kwamba hakuweza kulaza kichwa chini. Mlinzi alifungua kufuli, akanisukumia mnyororo mkononi na kuingia zake ndani bila kuaga. Mbwa akarukia kiti cha nyuma, akakaa kama mwenye gari. Tulipofika kwenye taa za kwanza akahamia mbele, ndipo yakatokea ya viatu. Kutoka pale hadi Riyadh ni safari ya kutwa. Nilimtukana nusu ya njia, na nusu iliyobaki alilala na kichwa chake pajani mwangu. Alilala usingizi mzito, nami nikaogopa hata kukohoa.

Mimi ni dereva. Kwetu ni Siaya, ambako watoto hutega aluru, ndio kware, kwa vikapu vinavyotundikwa juu ya mti mrefu. Siku moja nikiwa na bosi kwenye msongamano wa magari karibu na ofisi yake huko Al-Murabba nilimsimulia habari hizo ili kupitisha muda, na toka hapo akaniona mtaalamu wa ndege, wa mbwa, na wa lolote lenye manyoya. Mdomo uliniponza. Yeye na rafiki zake walikuwa na desturi, kila majira ya baridi, ya kupiga kambi jangwani na kuachilia kware wa kufugwa, kisha mbwa wawakamate. Alitaka mbwa wake akamate ndege akiwa hai, amlete hadi mkononi, ndipo achinjwe. Kumfundisha ilikuwa kazi yangu.

Mama wa mbwa huyu alikuwa saluki, mbwa wa mbio wa Waarabu, ambaye wenyewe wanamheshimu hata wanamruhusu kuingia hemani. Baba yake hakujulikana. Mzee, babake bosi, mwenye ndevu za hina na maoni juu ya kila jambo, alimzunguka mara moja tu.

"Huyu ni nusu mbwa," akasema.

"Ni nusu saluki, baba," bosi akamsahihisha.

"Hiyo nusu nyingine ndiyo itakayokula kware wako."

Halafu mzee akatueleza sheria, akinitazama mimi zaidi kuliko mwanawe. Mbwa aliyefunzwa humkamatia yule aliyemtuma. Akimla ndege, basi amejiwindia mwenyewe, na nyama hiyo haigusi kinywa cha mtu wa nyumba yake. Bosi akaniambia nje, mlangoni: "Msimu ukiisha hajui, unamrudisha Jeddah. Halas." Nikaukumbuka ule mnyororo, nikasema sawa bosi, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Jina alilopewa na bosi lilikuwa refu na la kifahari. Mimi nilimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikula vizuri, alitembea kwa madaha, na alichotwaa hakurudisha.

Tulianzia uani, asubuhi kabla sijampeleka bosi kazini. Nilijaza soksi sifongo, nikaifunga manyoya ya kware, nikaitupa. "Leta!" Nilitumia Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotoka. Alikuwa na mbio za ajabu. Aliikamata soksi kabla haijatua, kisha akaenda nayo nyuma ya tangi la maji kuichambua kwa faragha. Nikajifunza kutomfukuza, maana ukimfukuza anadhani ni mchezo, na kutomvuta, maana ukivuta anabana meno, na mbwa anayebana meno anaua. Dawa ni kubadilishana: wewe nipe soksi, mimi nakupa jibini.

Jibini lilitoka jikoni kwa dada yetu wa Mombasa, mpishi wa nyumba ile, mwanamke mcha Mungu mwenye ulimi wa wembe. Alinipitishia vipande dirishani, akiwa amesimama mbali.

"Bakuli langu akililamba, weye ndo utaliosha mara saba," alinionya. "Na mara moja kwa mchanga. N'shakwambia."

"Dada, huyu ni mbwa wa kuwinda."

"Na miye ni mpishi wa kuwinda. Jaribu uone."

Lakini vipande vya jibini vilizidi kuwa vinene, na mara mbili nilimfuma akichungulia kuona mwanafunzi ameendeleaje.

Tukatoka kwenye soksi, tukaingia kwenye kware aliyekufa, kisha kware hai aliyefungwa mbawa kwa kitambaa. Mheshimiwa akaanza kuleta. Furaha ikanipanda kichwani, nikafanya kama tulivyofanya nyumbani: mbwa akifanya kazi, hupewa kichwa cha ndege. Ni haki yake, hakuna atakayebisha pale Siaya. Basi kila somo lilipokwisha, ndege akichinjwa, kichwa kilikuwa chake, naye alikitafuna akinitazama kwa upendo.

Siku ya kambi ya kwanza ilikuwa angavu na yenye baridi ya kukata masikio. Wageni walikaa kwenye mazulia na kahawa yao, mzee mbele yao wote. Bosi akasema bismillahi, akamwachia mbwa. Kware akaruka chini chini, Mheshimiwa akaruka juu yake, akamdaka hewani kwa ustadi uliofanya watu wapige makofi. Akarudi mbio hadi katikati ya zulia. Pale, mbele ya mzee, akang'ata kichwa cha kware, akakimeza, kisha akaniletea mimi kilichobaki.

Alikuwa amechukua haki yake mapema, basi. Mzee alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Bosi hakucheka. Alinitazama, akasema neno moja: "Jeddah."

Niliomba nipewe hadi mwisho wa msimu. Mzee, ambaye nadhani alikuwa hajapata burudani kama ile kwa miaka mingi, akasema, "Mwache. Nataka kuona atakula nini mara ya pili."

Nikaanza upya. Vichwa mafi, kama wasemavyo huku: hakuna tena. Jibini tu, na mpishi akaongeza vipande vya kuku bila kuombwa, akisema vimebaki tu, ingawa vilikuwa vya moto. Mheshimiwa alinung'unika kama mtu aliyefutiwa marupurupu, lakini alikuwa na akili, na haukupita muda mrefu akawa analeta kware mzima, ndege bado akipepesa macho, hata unyoya haujavunjika. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha bosi akaja uani kujaribu mwenyewe. Akaita kwa Kiarabu, akaita kwa Kiingereza, akapiga mluzi. Mbwa akampita kama nguzo, akaniletea mimi.

Mzee alikuwa dirishani. "Mbwa humkamatia aliyemtuma," akakumbusha kwa sauti ya kufurahia. "Basi kware wote hawa ni wa dereva."

Jioni ile bosi alikaa kwenye ngazi za jikoni, mtu mzima na ofisi yake, akaniuliza afanyeje. Nikamwambia ukweli: amlishe kwa mkono wake, amtembeze yeye, na aite kwa neno ambalo mbwa analijua. Alijaribu kusema "leta" hadi mpishi akafunga dirisha asionekane akicheka. Kazi yangu mimi ilikuwa ngumu zaidi, na sikumwambia mtu. Ilibidi niache. Nisimpe chakula, nisimkune shingo, nipite uani kana kwamba hayupo. Asubuhi aliponikimbilia nilitazama funguo za gari. Alisimama pale mkia ukishuka polepole, nami nilichukia kila siku ya majuma yale. Lakini kila moyo uliponilainika niliuona ule mnyororo wa Al-Hindawiyah, nikaendelea kutembea.

Siku ya kambi ya mwisho ya msimu, nilisimama mbali, kando ya gari. Bosi akasema bismillahi, akaachilia. Kware akaruka. Mheshimiwa akaruka, akadaka, akatua, akageuka. Macho yake yalinitafuta mimi. Niliinama, nikawa nakagua tairi.

"Leta!" Nilimsikia bosi, sauti imepanda, kapiga magoti mchangani na kanzu yake nyeupe. "Leta, Mheshimiwa! Leta, yalla!"

Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikachungulia. Mbwa alikuwa amesimama katikati yetu, kware mdomoni. Akanitazama tena. Halafu akatembea, hakukimbia, akaenda kwa bosi, akafungua kinywa juu ya viganja vyake. Kware akajitikisa, mzima.

Mzee alimchukua ndege, akampekua unyoya kwa unyoya akitafuta damu, akakosa. "Amefunzwa," akatangaza. Akamtazama mwanawe aliyejaa mchanga magotini. "Na wewe pia, alhamdulillahi." Watu wakacheka, bosi akacheka kuliko wote, na Jeddah haikutajwa tena.

Nilifurahi. Nilifurahi sana, nikarudi kwenye tairi langu ambalo halikuwa na tatizo lolote. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale, wao wakichinja na kukoka moto, nilipohisi pua baridi nyuma ya shingo. Alikuwa amekuja na kinywa kitupu. Akaniegemea kwa uzito wake wote hadi nikakaa mchangani, akaweka kichwa pajani, pale pale alipokiweka siku ile njiani. Sikuwa na jibini. Nadhani alijua, maana mfuko hakuunusa.