Pepeo la Mama Ndani ya Sanduku la Mume

Mama yangu alikuwa mfuaji wa nguo kwa madamu mmoja Mbelgiji, hapa Kamina. Madamu alipoondoka kurudi kwao alimwachia pepeo la kukunja. Akamwambia: hili limetoka Chine, nchi ya Wachina, watu wa kule waliwatengenezea wazungu, wao wenyewe hawalitumii. Vijiti vyake vilikuwa vya mbao nyeusi yenye rangi ya kung'aa kama kioo, na michoro ya zahabu. Juu ya karatasi kulikuwa watu wadogo wadogo waliovaa hariri, kila mmoja na uso wa pembe ya ndovu uliobandikwa, mdogo sawa na mbegu ya nyanya. Mama na mimi tuliwapa wote majina. Nayakumbuka mpaka leo, hata la yule anayechungulia dirishani.

Kosa ni langu. Mchwa wa nyumba yetu wanakula hata kitanda, basi nikaliweka katika sanduku la chuma la mume wangu, pamoja na kofia yake ya reli. Nilikuwa nikimwekea binti yangu, naye awafundishe wajukuu majina yale.

Mwaka jana mume akafariki. Nikakalishwa chini kwenye mkeka. Kwetu mjane aliye kwenye mkeka hasemi neno juu ya vitu. Akisema, watasema ndiye yeye aliyemuua mume. Binti peke yake angeweza kunisemea, na treni yake kutoka Lubumbashi ilikuwa imekwama njiani.

Jamaa ya mume wakafungua sanduku mbele ya watu. Wifi yangu wa Bukama akalitoa pepeo, akalikunjua.

"Eh! Kaka alikuwa na vitu vya bamadamu!" Akajipepea, akicheka katikati ya kilio. "Bandugu, muniangalie!"

Jirani yangu akasema polepole, "Ile iko ya mama ya mjane."

"Ilikuwa mu sanduku ya nani?"

"Ya marehemu."

"Basi!" Akanigeukia. "Bibi ya kaka, iko yako? Sema."

Nikaangalia mkeka.

Binti alifika wifi amekwisha kwenda. Akamfuata Bukama, akanipigia simu kutoka kule.

"Mama, banapepelea nayo makaa ya jiko ya mbabula, banakausha samaki. Rangi imevimba. Nyuso karibu zote zimeanguka. Niichukue?"

"Shangazi yako anasema nini?"

"Anasema, mama yako alikuwa na kinywa, juu ya nini hakusema?"

Nikamwambia aache, apande treni ya kurudi. Treni yenyewe, hakuna aliyejua itapita lini.